Nilimwambia Kitabu Kimeshakwenda Kiwandani

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Nina jambo limenikaa kifuani wiki ya tano sasa, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nitaanza na habari za kompyuta na huenda ukadhani nimekosea gazeti, lakini huko kwenye kompyuta ndiko lilikoanzia na sijui njia nyingine ya kulisimulia.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni usanifu katika duka la uchapaji, mbele kaunta na mashine mbili za kudurufu, nyuma chumba chetu chenye meza tatu na feni moja inayolalamika kutwa. Tunatengeneza mabango, kadi za mialiko, vibandiko vya chupa na vipeperushi, na mimi miaka kumi na minne yote hiyo nimeifanya kwa programu moja tu, Photoshop, ndiyo niliyojifunza nayo na ndiyo iliyonijengea jina, watu mtaani wananiita Fundi Picha, na sikudanganyi Shangazi, ukiniletea picha ya babu yako iliyoliwa na mende nitakurudishia babu mzima.

Meza ya dirishani anakaa dada mmoja aliyetukuta miaka mitatu iliyopita, tunamwita Mistari kwa sababu hawezi kuona herufi imekaa vibaya akanyamaza. Yeye kazi moja huigawa katika programu tatu, picha anazisafisha kwenye Photoshop kama mimi, michoro na nembo anazichora kwenye Illustrator, na kurasa anazipanga kwenye InDesign, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba anapika chungu kimoja kwa majiko matatu. Mwaka jana bosi alituita akauliza tuendelee kulipia programu zipi, na mimi nikiwa mkongwe nikajibu kabla Mistari hajafungua mdomo, nikasema Photoshop inatosha, hizo nyingine ni mbwembwe. Bosi akanisikiliza. Mistari hakubishana, alipakua zile za bure, Scribus ya kurasa na Inkscape ya michoro, akaendelea na kazi zake kimya.

Mwanzoni mwa mwaka huu akaingia mama mmoja, mkunga mstaafu, ameshikwa mkono na binti yake ambaye ni mwalimu wa hesabu. Mama alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake ya kazi, miaka thelathini na nane wodi ya wazazi, aliandika kwenye madaftari na binti akayachapa kwenye kompyuta kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Kulikuwa na picha za zamani pia, na ramani ya wodi aliyoichora mwenyewe kwa penseli. Bosi akanipa mimi kwa sababu ya zile picha. Mistari akanifuata mezani akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, picha zitengeneze wewe, hapa hakuna anayekufikia. Maneno niachie mimi niyapange kwenye programu ya kurasa, halafu picha zako tutazichomeka humo."

Nikacheka, nikamwambia, "Dada, ukurasa ni bango dogo. Nimetengeneza mabango maelfu, vitanishinda vibango mia moja na thelathini na nane?"

Basi nikatengeneza kila ukurasa faili lake, Shangazi, faili mia moja na thelathini na nane kwenye folda moja, maneno nikiyabandika kipande kwa kipande na nambari za kurasa nikiziandika kwa mkono. Picha zilitoka vizuri mno, ile ya Mama Mkunga akiwa kijana na kofia yake nyeupe ilikuwa imepasuka katikati ya uso, nikaziba ufa ule kwa siku mbili, na alipoiona alikaa chini akasema, "Huyu mtoto nilikuwa nimemsahau." Siku hiyo nilijiona bingwa.

Lakini Mama Mkunga alikuwa mtu wa kukumbuka kidogokidogo. Anapiga simu anasema ongeza hapa mistari miwili, na mistari miwili ikiingia ukurasa wa kumi na mbili basi miwili inamwagika chini, naikata naibandika kwenye ukurasa wa kumi na tatu, nao unamwaga, nakata nabandika, hivyo hivyo mpaka sura iishe, halafu nambari za yaliyomo zote zimehama. Marekebisho yalikuja mara tatu na kila mara yalinila siku mbili tatu, na kila mara nilimwona Mistari ananitazama kwa pembe ya jicho, na badala ya kumwomba msaada ndiyo kwanza nikazidi kuinamia kompyuta yangu.

Kisha mama akaanza kuumwa, moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alishawaambia nyumbani. Jumanne moja, yapata saa tano asubuhi, nina mteja kaunta anadai bango lake, simu ikaita.

"Mwanangu, hujambo? Ni mimi."

"Sijambo mama. Pole na kuumwa."

"Nimeshapoa. Sikiliza, ukurasa wa sabini na moja. Yule msichana wa zamu yangu. Nimemsingizia."

Nilikuwa nakijua kisa hicho vizuri, maana nilishakibandika mara tatu. Ni habari ya mtoto aliyefia tumboni wakati wa kuzaliwa, na mama ameandika kwamba alimtuma muuguzi kijana aliyekuwa mgeni kazini akamwite daktari, na yule msichana akazubaa njiani.

"Hakuzubaa," akaniambia. Alikuwa anasema maneno mawili anapumua, matatu anapumua. "Mimi ndiye niliyechelewa kumtuma. Daktari nilishamsumbua mara moja siku ile, nikaona haya kumwita tena. Iondoe hiyo, uandike nitakavyokwambia. Una kalamu?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile folda, sura hiyo inakwenda mpaka ukurasa wa tisini na mbili, nikahesabu faili ishirini na mbili za kukata na kubandika upya, na mteja ananipigia kaunta kwa funguo, na Shangazi sijui maneno yale yalitokea wapi, nikasema, "Mama, kitabu kimeshakwenda kiwandani."

Akauliza, "Tangu lini?"

"Jana."

"Basi hakirudi?"

"Hakirudi, mama."

"Haya, mwanangu. Samahani kwa usumbufu." Akakaa na simu kidogo, namsikia anavuta pumzi, kisha akakata.

Nilipogeuka Mistari alikuwa ameinua kichwa. Jana yake hatukupeleka chochote kwenye kiwanda kinachotuchapia vitabu, na yeye alijua. Akarudi kwenye kazi yake. Nikajiambia nikimaliza bango nitampigia mama, nitamwambia nimewahi kukizuia, nitajifanya shujaa hata. Bango likaisha, kadi za harusi zikaja, kesho yake ikawa vibandiko. Siku ya tisa binti yake akapiga simu, nikadhani ni mama anauliza, kumbe ni kunipa taarifa ya msiba.

Sasa Shangazi, kitabu kipo kwenye kompyuta yangu mpaka leo. Binti amekuja dukani, amekonda, ameweka sahihi ya kuruhusu kichapwe, na akaniambia, "Kaka, usiguse hata nukta. Haya ndiyo maneno ya mama yaliyobaki." Nikaitikia kwa kichwa. Kumbe hayo siyo yaliyobaki. Yaliyobaki ninayo mimi, na hata hayo ninayo nusu tu, kwa sababu nilimkatiza.

Na wiki iliyopita akaingia mama mmoja wa makamo, nadhifu, ana mkoba wa kitambaa, akauliza kama kitabu cha mkunga kinatengenezwa hapa. Nikamwambia ndiyo. Akasema anataka nakala mbili, moja yake na moja ya mume wake.

"Alinifundisha kazi," akaniambia. "Nimesikia nimo humo ndani." Alikuwa anatabasamu, Shangazi. "Ameandika nini juu yangu?"

Nikamwambia, "Sijasoma, mama. Sisi hapa tunapanga tu."

Tangu siku hiyo kila nikifungua kompyuta nakwenda kwanza kwenye ukurasa wa sabini na moja. Mke wangu ananiuliza nina nini, namwambia ni kazi. Kwa hiyo naomba unisaidie haya. Kwanza, je, nikihamishe kitabu chote kwenye programu ya kurasa, na kama ndiyo, InDesign au Scribus, na ile ramani ya wodi niichore upya kwenye Illustrator au niiache ilivyo, na nitaunganishaje vitu vya programu tatu bila kuvuruga picha zangu? Pili, je, nikishakihamisha, nikiwa humo ndani, nikabadilisha ile aya kimyakimya, nikaandika mimi mwenyewe kama mama alivyokusudia, kuna ubaya gani, maana ndivyo alivyotaka na hakuna atakayejua? Tatu, nitamtazamaje Mistari usoni? Nijibu Shangazi, hata kwa ukali.

Fundi Picha

JIBU LA SHANGAZI

Wasomaji wangu, barua hii ilinifikia wiki saba zilizopita. Sikuiweka kwenye foleni. Nilimjibu kijana huyu siku ileile, kwa sababu kitabu kikishachapwa hakuna ushauri wa kukirudisha. Nililomwandikia ndilo hili, na chini yake nimeweka aliyonijibu baadaye, kwa ruhusa yake na ya binti wa marehemu.

Marahaba, mwanangu. Pole. Nakupa pole ya kweli, maana mtu asiye na moyo asingeandika kurasa sita kwa mkono kuhusu uongo wa sekunde tatu. Lakini pole yenyewe inaishia hapo.

Umeniuliza kuhusu programu kwanza na kuhusu marehemu baadaye. Nami kabla ya kushika safu hii nilisoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha vitabu, kwa hiyo usidhani utanipoteza huko kwenye mafaili. Ile folda yako ilikuwa mzigo, nakubali. Faili ishirini na mbili ni kazi ya kutia uvivu hata kwa mtu mwema. Lakini Mama Mkunga hakukuuliza una programu gani. Alikuuliza kama una kalamu. Ungeyaandika maneno yake nyuma ya risiti, ukutani, kwenye kiganja, leo tungekuwa nayo yote, na kuyapanga kungengoja hata mwezi. Programu uliyoichagua vibaya ilikuchosha tu. Aliyesema uongo ni wewe.

Sasa hilo wazo lako la kubadilisha aya kimyakimya. Liache leo hii. Unasema ndivyo alivyotaka. Alichotaka ni kusema mwenyewe, na wewe ukamnyima. Ukijiandikia sasa kwa sauti yake utakuwa umemnyang'anya maneno mara mbili, mara ya kwanza ulipomzuia asiseme, mara ya pili ulipomsemea. Na binti yake akija kukigundua, atakuta mtu baki amemwandika mama yake kuwa mwenye kosa, bila shahidi, bila saini, baada ya yeye kusema usiguse hata nukta. Utamwambia nini?

Utakwenda kwa binti. Usimpigie simu, simu imeshafanya madhara ya kutosha. Nenda kwake mchana, mkiwa wawili, ukurasa wa sabini na moja mkononi. Mwambie siku, saa, na maneno ya mama yake kama ulivyoyasikia, usiongeze hata moja ili yapendeze. Kisha mwambie ulichojibu. Usianze na bango, usianze na mteja wa funguo, usimtaje Mistari, na usimweleze habari za kukata na kubandika. Akikuuliza kwa nini, mjibu kwamba ulikwepa kazi. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka, na umwachie karatasi yenye maneno hayo na sahihi yako chini yake. Kitabu ni cha mama yake na sasa kauli ni yake. Aondoe ile aya, aiache na maelezo, asichape kabisa, wewe ni wa kufanya atakavyoamua. Na yule mama wa mkoba wa kitambaa asije akauziwa nakala kabla binti hajajua yuko duniani na anasubiri.

Baada ya binti, nenda kwa Mistari. Humwombi akufichie siri, unamwomba akufundishe. Hayo ni maombi mawili tofauti kabisa. Kisha bosi, umwambie kwamba mwaka jana ulijibu swali ambalo hukulijua. Litakuwasha kidogo, halitakuua.

Haya, kompyuta. Nakujibu kwa sababu ni kazi halali na inafaa uifanye vizuri safari hii.

Usifute folda yako. Nakili yote uiweke kando. Maneno usiyachukue kwenye mabango yako, chukua faili alilolichapa binti, kisha uweke yale marekebisho matatu ukiyasoma kwa sauti na mtu mwingine akifuatisha kwa kidole. Maneno yote yaingie kwenye programu ya kurasa. Huko yanatiririka yenyewe kutoka ukurasa hadi ukurasa, nambari zinajiandika, na yaliyomo yanajihesabu, hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Photoshop ibaki na picha, ndipo ufundi wako ulipo na Mistari alishakuambia. Kila picha iandae kwa ukubwa itakaochapwa nao, na ile yenye matabaka yake ya kazi, unayoweza kuirekebisha baadaye, usiitupe. Ramani ya wodi ichorwe kwenye programu ya michoro, iwe Illustrator au Inkscape, kwa sababu mstari wa huko ukiukuza haufifii, na majina ya vyumba yatasomeka. Mwisho picha na michoro uziite ndani ya kurasa kwa kuziunganisha, usizibandike. Ukirekebisha picha kule inakokaa, ukurasa nao unapata ile mpya. Ila vyote vikae folda moja, na usianze kubadilisha majina ya mafaili katikati ya safari, kurasa zitayapoteza. Ukimaliza, toa PDF moja, ichape kwa mashine yenu ya kawaida, uisome kwenye karatasi kabla ya kuipeleka kokote.

InDesign au Scribus? Zote mbili zinatengeneza kitabu. Chagua ile ambayo mtu wa meza ya pili anaweza kuifungua siku ukiwa hupo. Kwenu sasa hivi hiyo ni Scribus, kwa sababu Mistari anaijua na wewe ndiye uliyesababisha nyingine ikatwe. Anza nayo.

Na kuanzia sasa, mteja akipiga simu, kalamu kwanza. Kama kazi yake inakushinda, mwambie inakushinda. Nenda.

ALIYONIJIBU

Shangazi, nilikwenda. Ilikuwa Jumamosi saa nne, alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi sebuleni. Nilisema yote nikiwa nimesimama kwa sababu nilisahau kukaa. Aliponiuliza swali aliuliza moja tu. "Ulimkatiza mama yangu?" Nikasema ndiyo. Akachukua ile karatasi, akafungua mlango, nikatoka.

Siku sita hakupiga simu. Katika siku hizo nilimweleza Mistari. Aliniambia, "Nilisikia, kaka. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, na nilikosea kungoja. Na mimi ningeweza kumpigia." Sikujua kama naye alikuwa analibeba jambo hili. Tukakaa meza moja, tukaanza kuhamisha maneno kwenye Scribus, yeye anasoma mimi nafuatisha, na ile ramani akaichora upya mchana mmoja, kila kitanda mahali pake.

Siku ya saba binti akaja dukani. Hakunisalimia kwa mkono. Alikuwa ameandika ukurasa mmoja, akasema zile sentensi mbili za kumlaumu muuguzi zitoke, na huu uingie mwisho wa sura, kwa jina lake yeye, siyo la mama. Ameandika hivi: "Katika simu yake ya mwisho kuhusu kitabu hiki mama aliomba kusahihisha alivyomlaumu muuguzi katika kisa hiki. Alisema: Hakuzubaa. Mimi ndiye niliyechelewa kumtuma. Alitaka kusema zaidi. Aliyepokea simu hakuyaandika maneno yake." Nilimwomba aiondoe ile sentensi ya mwisho. Akanitazama akasema, "Hapana, hiyo inabaki." Mistari akauingiza ukurasa, tukatazama kurasa zote za nyuma zikisogea nafasi moja, na nambari zikajibadilisha. Haikufika dakika mbili.

Kisha binti akasema lazima muuguzi asikie kabla ya kuchapwa, na kwamba nitakwenda naye. Tulimkuta nyumbani kwake, mume wake akatukaribisha, akatuwekea viti. Binti akasoma aya ya mama ilivyokuwa, halafu akasoma ukurasa wake. Yule mama hakutabasamu wala hakukasirika. Aliniuliza mimi, "Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba siku ile dukani nilimdanganya niliposema sijasoma.

Hilo hakulijali. Alikunjakunja upindo wa kitambaa cha meza. Kisha akasema, "Nilikimbia. Nakumbuka nilikimbia, kiatu kimoja kilibaki kwenye ngazi. Lakini niliporudi na daktari, mkunga akaniambia mbele ya watu kwamba nimechelewa, na mimi nilikuwa mgeni, nikaamini. Nikaomba kuhamishiwa ofisi ya kumbukumbu. Sikumpokea tena mtoto wa mtu mpaka nimestaafu."

Binti alianza kuomba msamaha kwa niaba ya mama yake, akashindwa kumaliza. Muuguzi akanyoosha mkono akamshika goti, akamwomba amsomee tena pale palipoandikwa hakuzubaa. Binti akasoma. Muuguzi akamwomba asome tena, polepole, na mume wake akasogeza kiti karibu ili naye asikie.